Waraka wa Maaskofu na Sikio la Mutomo

Fasihi ya Kenya imetuzoesha kumwona mtumishi wa Kanisa akisimama upande wa mwenye mali. Ndivyo hali ilivyo katika tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, Ngaahika Ndeenda (1977), na wahakiki wetu wameurithi mchoro huo bila kuuhoji sana. Lakini uko utungo wa makasisi wenyewe unaostahili uhakiki, nao ni waraka wa kichungaji. Hii ni nathari ya hadhara: hutungwa na maaskofu, husomwa kanisani, na kusikilizwa na umma ambao wengi wao hawanunui riwaya.

Ujasiri wa nyaraka hizo haukanushiki. Mwaka 1986 maaskofu Wakatoliki walipinga upigaji kura wa mlolongo, uliotumika hata hivyo katika uchaguzi wa 1988. Machi 1992 waliilaumu serikali waziwazi kwa mapigano ya kikabila ya Bonde la Ufa. Miongoni mwao alikuwamo Ndingi Mwana a'Nzeki, Mkamba wa Mwala, aliyekuwa askofu wa Nakuru wakati huo. Swali langu si la ujasiri bali ni la lugha: maneno hayo yalifikaje Mutomo?

Mutomo iko kusini mwa Kitui, katika nchi kavu. Kitui ilifanywa dayosisi mwaka 1964 chini ya William Dunne wa Shirika la Mtakatifu Patrick la Ireland, aliyeiongoza hadi 1995. Na masista Waairishi wa Shirika la Huruma ndio walioendesha hospitali ya misheni hapo Mutomo. Kwa hiyo Kanisa lilisikilizwa hapa kwa sababu ya dawa na chakula kabla ya kusikilizwa kwa sababu ya hoja. (Si kejeli, aliyeuguziwa mtoto wake ana haki ya kushukuru.) Ila sikio la namna hiyo huupokea waraka kwa heshima tu, na heshima si ufahamu. Waraka huandikwa mara nyingi kwa Kiingereza, na kazi ya kuupa uhai kwa Kikamba huachiwa katekista. Huyo, ambaye jina lake halimo katika waraka wowote, ndiye mtunzi wa pili.

Tazama tamko la Novemba 2024. Maaskofu waliishutumu serikali ya Kenya kwa kuufanya uongo kuwa jambo la kawaida, na neno la Kiingereza walilolitumia ni lile ambalo kamusi zetu hulipa maana ya "utamaduni". Katekista akilifuata neno kwa neno, atatamka "utamaduni wa uongo". Hapo pana kasoro kubwa. Katika Kiswahili, utamaduni ni urithi: ngoma, mila, malezi. "Mazoea ya kudanganya" yangetosha. Tena kosa hili lina historia. Wamisionari wa mwanzo, wa madhehebu mbalimbali, waliziita ngoma za wenyeji upagani. Ni baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani (1962-1965) ndipo ngoma na lugha za wenyeji zilipopata nafasi rasmi katika ibada. Mzee wa Mutomo akisikia utamaduni ukifungwa na uongo kanisani, hatafikiri kwanza habari za Ikulu.

Nao Wakamba hawana upungufu wa lugha ya kisiasa. Njaa ya 1984 waliipa jina Nikw'a Ngwete, yaani nafa nikiwa nimeshika: fedha ziko mkononi, chakula hakipo. Katika maneno mawili mna soko, ugavi na utawala, na hakuna msikilizaji anayehitaji kufafanuliwa. Waandishi wa nyaraka, ambao mapadre wao walikuwa wakigawa chakula katika njaa hiyo hiyo, wangepaswa kujifunza ufundi huu. Badala yake tunapewa nomino dhahania, "uadilifu", "uwajibikaji", "mshikamano", zikifuatana kama mashanga.

Siku chache baada ya tamko lile, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa moja jijini zirudishwe. Habari hiyo haikumpa katekista kazi yoyote ya kutafsiri. Ndipo ninapouliza kwa nini waraka unaofuata usianze kuandikwa kwa Kiswahili na Kikamba, huku katekista ameketi mezani, kisha Kiingereza kiwe ndiyo tafsiri.