Willy Gamba Mbele ya Wasomaji Wake: Ukombozi au Starehe?

Chama chochote kinachosema kinawaongoza wakulima na wafanyakazi kina wajibu wa kulea fikra za umma. Wajibu huo hautimizwi madarasani na mikutanoni peke yake. Fikra za kijana hulelewa pia, kwa wema au kwa ubaya, na kitabu anachokisoma usiku bila kuamrishwa na mtu. Kwa sababu hiyo, kada anayevidharau vitabu vya namna hiyo kwa kuviita vya mtaani anakuwa ameikimbia sehemu ya kazi yake.

Katika makala haya tunakusudia kuchambua riwaya za Elvis Musiba zinazomhusu mpelelezi Willy Gamba, na hasa kuyapima maoni yanayopingana ya wasomaji wake. Mfululizo huu ulianza mwaka 1974 kwa kitabu cha Kufa na Kupona, ukafuatwa na Kikosi cha Kisasi, Njama, Hofu na vingine. Willy Gamba ni mpelelezi wa Tanzania. Mkuu wake, Chifu, humtuma kupambana na mawakala wa makaburu na mabeberu waliokuwa wakihujumu harakati za ukombozi Kusini mwa Afrika. Katika kitabu cha kwanza zimeibwa nyaraka za siri za wapigania uhuru, naye anazifuata mpaka Nairobi. Baadaye kazi inamfikisha mpaka Kinshasa. Tangu wakati huo vizazi kadhaa vya wasomaji wa Kiswahili vimezikesha riwaya hizi.

Maoni ya Wasomaji

Tulipozileta riwaya hizi katika majadiliano ya vikundi vya elimu ya siasa, wasomaji waligawanyika mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilisema kwamba Willy Gamba ni shujaa wa ukombozi. Hapiganii fedha wala malkia. Anapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini, tena ni Mwafrika anayemshinda adui kwa akili, wakati tulizoea kuonyeshwa Mwafrika kama mbeba mizigo wa shujaa mweupe.

Fungu la pili lilipinga kwa ukali. Ndugu hao walisema huyu ni James Bond aliyepakwa rangi. Anakunywa vinywaji vya bei, analala katika hoteli kubwa, anabadilisha wanawake, anaua bila kutetereka, na kila kitu kinalipwa na Serikali. Mmoja wao, katibu wa tawi, aliuliza: kama ni shujaa wa nchi ya wakulima, mbona katika safari zake zote hakutani na mkulima?

Fungu la tatu, ambalo lilikuwa kubwa kuliko yote, lilisema hizi ni hadithi za kuburudisha tu, na kwamba kuzitafutia itikadi ni kumtafuta samaki juu ya mti.

Kwa maoni yetu fungu hili la tatu ndilo lililopotoka zaidi. Hakuna burudani isiyokuwa na mafunzo ndani yake. Anayecheka na anayeogopa wote wawili wanajifunza nani wa kuchekwa na nani wa kuogopwa. Mafungu mawili ya kwanza yameona kila moja upande mmoja wa ukweli, na kazi ya uchambuzi ni kuziunganisha pande hizo.

Umbo Hili Limetoka Wapi?

Hadithi za upelelezi si ngeni katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alitutolea Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Lakini hizo zilihusu mauaji na wauaji. Jasusi wa dola ametoka kwingine, na hatuna budi kupajua.

Ian Fleming, aliyefanya kazi katika idara ya ujasusi ya jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, alimleta Bond mwaka 1953. India ilikuwa imekwisha kujitawala, na himaya ilikuwa ikimeguka. Katika Live and Let Die, ya mwaka 1954, watu weusi wa Harlem na Jamaica wanaonyeshwa kama mtandao wa watu wanaotishwa kwa uchawi na kutumikishwa na bwana mmoja anayelitumikia shirika la ujasusi la Kisovieti. Yaani mtu mweusi akijipanga na wenzake, lazima kuna mgeni nyuma yake. Novemba 1956, baada ya Uingereza kuaibika kule Suez, Waziri Mkuu Anthony Eden alikwenda kupumzika Jamaica katika nyumba ya huyo huyo Fleming. Himaya iliyoshindwa mferejini iliendelea kushinda vitabuni.

Mwaka 2023 wenye haki za vitabu vya Bond walitoa toleo lililopunguzwa maneno ya kibaguzi. Maneno yamepungua, lakini mpangilio wa hadithi umebaki pale pale: mtu mmoja mwenye kibali cha kuua anaiokoa dunia kwa niaba ya walio juu, na umma hauna kazi ila kuokolewa.

Musiba alilichukua umbo hili akaligeuza mtutu wake uelekee kwa mabeberu. Hilo ni tendo la kisiasa, na ndugu wa fungu la pili wanakosea wanapolifuta. Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu mwaka 1963. Eduardo Mondlane aliuawa katika mji huu huu tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Amilcar Cabral aliuawa Conakry mwaka 1973, na Herbert Chitepo akauawa Lusaka mwaka 1975. Mwandishi aliyewaambia wasomaji wake kwamba adui yumo mjini, na kwamba ana Waafrika wanaomsaidia kwa tamaa ya fedha, hakuwa akitunga vitisho. Hapa riwaya hizi zinakubaliana na Azimio la Arusha, ambalo liliona mapema kwamba tamaa ya mali ya kiongozi ni mlango wa kuingilia adui.

Sisi wenyewe tulizisoma riwaya hizi shuleni katika miaka ya 1990, chini ya dawati. Tunakiri kwamba jina la Kamati ya Ukombozi tulilisikia kwanza kwa Willy Gamba, kabla ya kulisikia kwa mwalimu wa siasa. Deni hilo hatuwezi kulikana.

Kasoro Zake

Pamoja na hayo, mtutu uligeuzwa lakini bunduki ni ile ile. Kasoro tunazoziona ni tatu.

Kwanza, shujaa yuko peke yake. Mwongozo wa mwaka 1971 uliandikwa baada ya Wareno kuivamia Guinea Novemba 1970, na baada ya serikali ya Uganda kupinduliwa Januari 1971. Fundisho lake lilikuwa kwamba ulinzi wa taifa ni kazi ya umma wote, na ndiyo maana mgambo ukatiliwa mkazo. Uhuru wa Msumbiji haukuletwa na mtu mmoja mwenye bastola. Uliandaliwa katika kambi za Kongwa na Nachingwea, na ulihifadhiwa na wanavijiji wa mpakani, Mtwara na Ruvuma, walioshambuliwa na Wareno kwa sababu ya kuwapokea ndugu zao. Hao hawaonekani. Msomaji anafunga kitabu akiwa ametulia kwamba yupo mtu mahali fulani anayetulinda, na utulivu huo ndio hasa adui anaoutaka.

Pili, wanawake. Katika riwaya hizi mwanamke mara nyingi ni pambo, mtego au zawadi ya ushindi. Lakini FRELIMO ilikuwa na Kikosi chake cha Wanawake waliobeba silaha na kuhamasisha vijiji. Josina Machel alifariki Dar es Salaam Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 25 tu, baada ya kufanya kazi ambayo wapelelezi kumi wa vitabuni wasingeiweza. Mfano ulikuwa mlangoni kwetu. Umbo la kuazima ndilo lililomzuia mwandishi asiuone.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, adui anatambulikana kwa bastola yake. Hebu tutazame adui wa kweli alivyokuwa. Craig Williamson, mtu wa polisi wa makaburu, alipenya katika mfuko wa Geneva uliokuwa ukitoa misaada ya masomo kwa wakimbizi wa Kusini mwa Afrika, akapanda mpaka kuwa naibu mkurugenzi, hadi alipofichuka mwaka 1980. Hakuwa na mbio za magari. Alikuwa na mafaili, orodha za majina na mihuri. Ruth First aliuawa Maputo tarehe 17 Agosti 1982 kwa bomu la barua. Baadaye Williamson alikiri kuhusika na mauaji hayo, na mwaka 2000 akapewa msamaha wa kisheria. Kijana aliyelelewa na Willy Gamba peke yake angemkamata mwenye bastola mlangoni, na angemkaribisha kiti mwenye faili.

Wako watakaotujibu kwamba riwaya ya upelelezi inataka mtu mmoja wa kumfuata, na kwamba ukiujaza umma ndani yake wasomaji watasinzia. Hoja hii ina uzito. Lakini habari zinazomfikia Chifu mezani zimetoka kwa nani? Ziko mikononi mwa kuli wa bandarini, mpokea simu, mtumishi wa hoteli, dereva wa teksi. Hao nao wapewe majina, hofu na uamuzi, na hadithi itazidi kukaza wala haitalegea.

Kazi Iliyo Mbele Yetu

Wako makada wanaopendekeza vitabu hivi viondolewe katika maktaba za vyuo. Tunawapinga. Tumeona vitabu vilivyonyang'anywa mabwenini vikisomwa maradufu. Na tuseme ukweli mwingine: nenda katika maktaba yoyote ya chuo cha siasa utazame majalada. Kufa na Kupona limechakaa mpaka limeshonwa kwa uzi. Vijitabu vyetu vya itikadi bado vinang'aa. Lawama hapo si ya Musiba. Ni yetu sisi tuliouandikia umma kana kwamba tunaandikia kabati.

Kamati ya Ukombozi ilimaliza kazi yake mwaka 1994, baada ya makaburu kushindwa. Kijana aliyezaliwa mwaka huo ana watoto leo. Wazee waliokuwa Nachingwea wanapungua kila mwaka. Ikiwa hatutaandika juu yao kwa lugha inayomkesha msomaji, basi kwa vizazi vijavyo ukombozi wa Afrika utakuwa ni ule wa Willy Gamba, na wala hatutakuwa na haki ya kulalamika.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Riwaya hizi zisomwe katika vikundi, waziwazi, pamoja na historia ya harakati zenyewe, na kila kikundi kijiulize: katika kitabu hiki umma uko wapi? La pili, kila kada aliye karibu na mzee wa mgambo, mama aliyewapikia wapigania uhuru, au dereva aliyewasafirisha, akae naye mwaka huu na aandike. Hadithi hizo zina hatari, usaliti na ushujaa wa kutosha, na ni za kweli.