Miguu hutembea, ahadi ndiyo huchangisha

Tarehe 1 Septemba 1980, kijana wa Kanada aitwaye Terry Fox aliacha kukimbia nje kidogo ya mji wa Thunder Bay. Alikuwa na umri wa miaka 22 na mguu mmoja wa bandia, kwani saratani ya mfupa ilisababisha akatwe mguu wa kulia mwaka 1977. Katika siku 143 alikuwa amekwenda kilomita 5,373 akichangisha fedha za utafiti wa saratani, na sasa ugonjwa ulikuwa umerudi, safari hii mapafuni. Siku hiyo mfuko wake ulikuwa na dola milioni 1.7. Mwanzoni mwa Februari 1981 ulikuwa na zaidi ya milioni 24. Katika kila dola kumi, zaidi ya tisa ziliingia baada ya yeye kuondoka barabarani.

Mtu yeyote anayepanga matembezi marefu ya hisani dhidi ya saratani katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, aanze na hesabu hiyo. Tumezoea kudhani kwamba mtembezi akienda mbali vya kutosha, huruma itafungua mifuko ya watu. Safari ya Fox inaonyesha utaratibu mwingine. Hatua huwapa watu sababu ya kutoa, lakini fedha huletwa na ahadi ndogo inayoeleweka, ikibebwa na watu wanaomtangulia mtembezi na wengine wanaobaki nyuma yake kuikusanya.

Barua kabla ya viatu

Fox alianza kwa barua. Mwaka 1979 aliliandikia Shirika la Saratani la Kanada akieleza mateso aliyoyashuhudia wodini na safari aliyokusudia kuifanya. Shirika halikumkubalia moja kwa moja. Lilimtaka atafute wadhamini wake mwenyewe na alete uthibitisho wa daktari kuwa mwili wake unaweza kazi hiyo. Akayaandikia makampuni. Ford walitoa gari la kulala njiani, Imperial Oil wakatoa mafuta, Adidas wakatoa viatu.

Tuangalie alichoomba. Gari, mafuta, viatu, chakula na malazi ndivyo vinavyomeza michango ya matembezi mengi kabla haijamfikia mgonjwa. Fox aliviondoa kwenye hesabu mapema kwa kuviomba kama vitu, kwa wale ambao kutoa vitu hivyo kwao ni rahisi kuliko kutoa fedha. Tangu hapo aliweza kumtazama mchangiaji usoni na kumwambia kuwa dola yake inakwenda kwenye utafiti. Alikataa pia makampuni yaliyotaka atangaze bidhaa zao au yaliyotoa kwa masharti. Msimamo huo ulimpunguzia wadhamini wachache, ukamwongezea kitu ambacho tangazo haliwezi kununua: watu waliamini kuwa hana faida yake binafsi.

Kiwango ambacho kila mtu anakiweza

Lengo lake la kwanza lilikuwa dola milioni 1. Kisha akafika Port aux Basques, mji wa watu wapatao 10,000 katika kisiwa cha Newfoundland, na wakazi wakamkabidhi dola 10,000. Lengo lililokuja kujulikana nchi nzima lilifuata hesabu hiyohiyo: dola moja kwa kila Mkanada, wakati huo watu milioni 24.

Kwa mchangishaji, kiwango cha namna hii kina nguvu tatu. Maskini haoni aibu kukitoa, tajiri hawezi kuidai safari kuwa yake, na kila mji unaweza kujipima wenyewe kama umefika au umepungukiwa. Sambamba na kiwango hicho kulikuwa na ngazi ya pili kwa wenye uwezo. Isadore Sharp, mwanzilishi wa hoteli za Four Seasons, ambaye mwanawe alikuwa amefariki kwa saratani, aliahidi dola 2 kwa kila maili na akayaalika makampuni mengine 999 yafanye vivyo hivyo. Mlango wa wengi na mlango wa wachache ilifunguliwa pamoja, na hakuna mmoja uliouzuia mwingine.

Quebec na Ontario

Somo kubwa zaidi liko kati ya majimbo mawili yanayopakana. Huko Quebec, Fox alipita karibu bila kutambuliwa. Yeye na wenzake hawakuzungumza Kifaransa, habari zake hazikuwa zimetangulia, na baadhi ya madereva walimsukuma nje ya barabara. Michango ilikuwa haba mno. Alipovuka kuingia Ontario mwishoni mwa Juni, mambo yalibadilika ghafla: bendi ilimpokea mpakani, Ottawa uwanja mzima ulisimama kumshangilia, na Toronto watu wapatao 10,000 walijaa mbele ya ukumbi wa jiji, zikakusanywa dola 100,000 kwa siku moja.

Mkimbiaji alikuwa yuleyule, mguu uleule, kasi ileile. Kilichobadilika ni kwamba tawi la Ontario la Shirika la Saratani la Kanada lilimweka mtu maalumu, Bill Vigars, wa kumtangulia, kuzungumza na mameya na waandishi wa habari, na kupanga nani atampokea wapi na saa ngapi. Mapokezi tunayoyaona kwenye picha kama mlipuko wa hisia yalikuwa kazi ya simu na vikao.

Fox alipougua, muundo huo ulikuwa tayari kubeba mzigo. Wiki moja baadaye kituo cha televisheni cha CTV kiliendesha kipindi cha saa tano kilicholeta ahadi za zaidi ya dola milioni 10. Fox alifariki tarehe 28 Juni 1981, na Septemba ya mwaka huo mbio za kumkumbuka zilifanyika katika sehemu zaidi ya 760. Mbio hizo zinaendelea hadi leo.

Tunayoyajua nyumbani

Utaratibu huu si mgeni kwetu Tanzania. Kili Challenge, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Mgodi wa Dhahabu wa Geita ukishirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, hupandisha watu Mlima Kilimanjaro kuchangia vita dhidi ya VVU. Lakini kabla ya kupanda huandaliwa hafla ya harambee, viongozi wa serikali wakiwepo, na makampuni yakatangaza ahadi zao hadharani. Mlima unakuja baadaye, kutimiza neno lililokwisha kutolewa.

Mbio za NBC Dodoma nazo, zilizoanza mwaka 2020, zimekuwa zikipeleka michango Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi. Mshiriki anajua fedha zake zinakwenda kwenye taasisi gani na kwa ugonjwa gani. Hakuambiwa tu kwamba anachangia afya.

Fedha za nini hasa?

Hapo ndipo kamati ya matembezi ya Mbulu na Hanang inapaswa kuanzia, kwa sababu "vita dhidi ya saratani" ni maneno mapana mno kumfanya mkulima wa Dongobesh atoe noti mfukoni. Kwa sera ya taifa, matibabu ya saratani katika hospitali za umma yamesamehewa gharama. Lakini anayetoka Haydom kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, au hospitali ya Bugando, Mwanza, anahitaji nauli, mahali pa kulala, chakula na mtu wa kumsindikiza, na anahitaji hayo tena na tena. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua za mwisho, na umbali ni sababu mojawapo.

Kwa upande mwingine, saratani ya mlango wa kizazi inaweza kukamatwa mapema kwa kipimo kisichohitaji mashine kubwa. Muuguzi aliyefunzwa hupaka siki iliyopunguzwa makali, na sehemu yenye dalili hugeuka nyeupe. Mara nyingi tatizo linalogunduliwa mapema huweza kutibiwa siku hiyohiyo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018, lakini mama zao wa miaka 30 hadi 50 bado wanahitaji kipimo.

Kwa hiyo malengo mawili yanatosha: nauli za wagonjwa waliokwisha kugunduliwa, na siku za upimaji vijijini. Yote mawili yanahesabika, na mchangiaji anaweza kuonyeshwa matokeo yake.

Njia, lugha na majira

Njia inayofaa inajichora yenyewe: kutoka mji wa Mbulu, kupitia Dongobesh hadi Haydom, kisha Basotu na kuteremkia Katesh chini ya Mlima Hanang. Kati yake iko Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei na sasa iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Kwa miaka mingi hospitali hiyo ilisaidiwa sana na Norwei. Matembezi yanayochangiwa na watu inaowahudumia yangekuwa na maana zaidi ya fedha zenyewe.

Kosa la Quebec ni rahisi sana kurudiwa hapa. Katika eneo hili hukutana Wairaqw, Wadatoga, Wabantu wa upande wa Singida na Wahadzabe, watu wa lugha zisizofanana hata kidogo. Tangazo la Kiswahili kwenye spika ya gari litasikika kote, lakini habari ya saratani ya mlango wa kizazi inahitaji kuelezwa na mwanamke, kwa lugha ya nyumbani, kwa wanawake wenzake. Anayefaa zaidi kutangulia ni aliyewahi kutibiwa akapona, kama mwenyewe ameridhia kusema. Ushuhuda wake unavunja hofu kwamba saratani ni hukumu ya kifo, na mtu hachangii jambo analoamini halina tumaini.

Wajumbe wengine wa heshima hawakosekani. Mbulu ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari, aliyeumia njiani katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akafika mwisho. Hanang ilimtoa Gidamis Shahanga, mshindi wa marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, katika nchi ileile ya Fox. Majina hayo hufungua milango ya ofisi na ya shule kabla mtembezi hajaanza safari.

Majira nayo yapangwe kwa kalenda ya mkulima. Kamati ikipita kabla ya vitunguu saumu, ngano au alizeti kuuzwa, itakuta watu wenye moyo na mifuko mitupu. Siku za mnada ziwe ndizo siku za kufika mjini, maana hapo ndipo fedha taslimu na wafugaji wa mbali hukutana. Asiye na fedha asiachwe nje. Makanisani tayari kuna desturi ya kunadi kuku, mahindi na maboga yaliyotolewa sadaka, na desturi hiyo inaweza kuhamishwa jinsi ilivyo hadi kituo cha kila jioni.

Ahadi na daftari

Ahadi iwe kwa kilomita. Tuseme njia ina kilomita 140: anayeahidi shilingi 100 kwa kilomita atatoa 14,000, na watu 400 wa namna hiyo ni shilingi milioni 5.6. Kwa walio wengi, kiwango cha Port aux Basques kinafaa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,892,502 mkoani Manyara. Shilingi 500 kwa kila mmoja ni zaidi ya milioni 946. Hakuna kamati itakayoifikia yote, lakini kila kijiji kinaweza kupewa hesabu yake na kujua kimefika wapi.

Barua zitangulie kwa mkuu wa wilaya, polisi, madhehebu, vikundi vya vikoba na vyama vya wakulima. Kwa wenye mabasi ziombe usafiri wa wagonjwa, kwa wenye vituo ziombe mafuta, kwa wenye nyumba za wageni ziombe vitanda. Kampuni za sigara na za pombe zisiombwe kitu, kwa kuwa tumbaku na pombe husababisha saratani tunayoipinga, ikiwemo ile ya umio inayoua watu wengi Afrika Mashariki.

Fedha zipokelewe kwa namba moja ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, kamwe si simu ya mjumbe. Mweka hazina asiwe mtembezi, na kila anayetoa taslimu apewe stakabadhi. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha za Fox iliingia baada ya safari, kazi ya kamati isivunjike siku ya kilele Katesh. Wiki zinazofuata ndizo za kufuatilia ahadi, mlango kwa mlango, orodha mkononi.

Mwisho, taarifa isomwe palepale ahadi zilipotolewa, kanisani, msikitini na mnadani: wagonjwa wangapi walilipiwa nauli, wanawake wangapi walipimwa, shilingi ngapi zimebaki. Kijiji kilichosomewa hesabu yake mwaka huu hakitahitaji kubembelezwa mwakani, na saratani ni ugonjwa unaohitaji mchango wa kila mwaka.