Mkono wa Kushoto Kwenye Skrini: Straidi na Mafunzo ya Video

Ukitafuta somo la piano ya straidi kwenye YouTube leo, utakutana na picha ileile karibu kila mara: kamera imefungwa juu ya piano, mikono miwili inaonekana kutoka juu, na mara nyingi vipande vya rangi vinadondoka kwenye skrini kuonyesha kibonyezo kinachofuata. Mwanafunzi anapunguza mwendo wa video hadi nusu, anafuata rangi, na baada ya muda anazijua nota zote za mkono wa kushoto. Akirudisha mwendo wa kawaida, mkono unamgomea. Nota anazijua, ila hazifikii kwa wakati. Wengi huishia kuamini kwamba hawakujaliwa kipaji. Nadhani wanajionea bure, kwa sababu tatizo limo ndani ya namna somo lenyewe linavyoonyeshwa.

Straidi, mtindo wa piano ya jazi ambao mkono wa kushoto unarukaruka kati ya besi na kordi, ilikomaa Harlem, New York, mikononi mwa kina James P. Johnson, Willie "The Lion" Smith na Luckey Roberts, kisha Fats Waller. Walirithi ragitaimu ya kina Scott Joplin, wakaiongezea kasi, swingi na uhuru wa kubuni papo kwa papo. Mazingira ya kazi yao yanaeleza mengi kuhusu mbinu yao. Katika miaka ya 1920 wapangaji wa Harlem waliobanwa na kodi ya nyumba waliandaa dansi sebuleni, wakatoza kiingilio na kumwita mpiga piano. Mara nyingi hapakuwa na mpiga besi wala ngoma. Watu walicheza kwa kutegemea mkono wa kushoto wa mtu mmoja, na mkono huo ukiyumba, dansi limeharibika.

Tuufuatilie mkono huo kwa karibu. Chukua kordi ya C. Kwenye pigo la kwanza kidole kidogo kinapiga C iliyo oktavu mbili chini ya C ya katikati. Kwenye pigo la pili mkono umesharuka na unapiga E, G na C kwa pamoja, gumba likiwa kwenye C ya katikati. Pigo la tatu mkono unashuka tena, safari hii kwenye G iliyo chini ya C ile ya kwanza, na pigo la nne unapanda kwenye kordi. Kibonyezo cheupe cha piano kina upana wa takriban milimita 23.5, kwa hiyo kutoka C ile ya chini hadi E ya kordi kidole kidogo kinasafiri kama sentimita 21. Wimbo ukienda mapigo 200 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa kwa straidi ya kasi, kila pigo lina sekunde 0.3. Ndani ya muda huo nota ilie, mkono uondoke, ufike, na upige bila kugusa kibonyezo cha jirani.

Hapo tunazungumzia besi ya nota moja tu. Magwiji wa Harlem walipiga besi kwa oktavu, na walipenda pia kubonyeza kwa pamoja C ya chini na E ya oktavu inayofuata, yaani umbali uleule ambao wengine wanaurukia. Waller alikuwa na viganja vikubwa, hilo halikumsumbua. Mwenye kiganja kidogo huzivunja nota hizo: C inatangulia kidogo, E inaangukia kwenye pigo, na sikio linaridhika. Tena mpangilio wa besi, kordi, besi, kordi haukuwa sheria. Katika "Carolina Shout", kibao cha Johnson ambacho vijana wa Harlem walipimwa nacho, mapigo manane ya vipimo viwili yanagawanywa mara kwa mara kuwa matatu, matatu na mawili badala ya mawili mawili. Mkono wa kulia unaendelea na shughuli zake kama vile hakuna kilichobadilika. Msikilizaji anahisi sakafu imesogea chini ya miguu yake, na kabla hajajua kilichotokea, mapigo yamerudi mahali pake.

Kujifunza mambo haya kwa mashine hakukuanza na intaneti. Johnson alitengeneza mikanda ya karatasi ya "Carolina Shout" kwa ajili ya piano zinazojipiga zenyewe, wa kwanza mwaka 1918 na mwingine mwaka 1921, mwaka aliouingiza wimbo huo pia kwenye santuri. Mkanda ulikuwa na matundu. Tundu likipita mahali pake hewa inafyonzwa, na kibonyezo kinashuka chenyewe. Duke Ellington, akiwa bado kijana Washington, alipunguza mwendo wa mkanda huo, akaweka vidole vyake kwenye vibonyezo vilivyoshuka, akajifunza wimbo mzima. Johnson alipokuja kupiga Washington, Ellington aliupiga mbele yake. Waller naye alianza kwa kufuata vibonyezo vya mkanda kabla Johnson hajamchukua kuwa mwanafunzi wake.

Mkanda ulikuwa na faida ambayo santuri haikuwa nayo. Santuri ukiizungusha nusu ya mwendo wake, sauti inashuka oktavu nzima, kwa hiyo msikilizaji anapata nota zilizobadilika umbo. Mkanda wa karatasi ukiupunguza mwendo, nota zinabaki zilezile, kwani sauti inatoka kwenye nyuzi za piano yenyewe. Programu za video za siku hizi zinafanya jambo hilohilo kwa hesabu za kompyuta: unapunguza hadi nusu au robo na sauti haishuki. Vipande vya rangi vinavyodondoka ni mkanda wa Ellington uliorudi kwenye kioo cha simu.

Hata kasoro yake imerudi. Baadhi ya mikanda iliongezewa matundu na wahariri, ikawa na nota nyingi kuliko vidole kumi vinavyoweza kupiga. Husimuliwa kwamba Art Tatum, ambaye karibu hakuona kabisa, alijifunza mkanda uliopigwa na watu wawili bila kujua, akaupiga peke yake. Kweli au la, Tatum ni mmoja. Mwanafunzi wa kawaida anayefuata video ya vipande vya rangi, iliyotengenezwa na kompyuta bila mkono wa mtu, ajiulize kwanza kama kuna binadamu aliyewahi kuipiga hivyo. Kama mikono haionekani kwenye skrini, mimi siliamini somo hilo.

Hata hivyo, kuna tofauti moja kati ya mkanda na video, na ndiyo inayowakwamisha wanafunzi wengi. Mkanda haukuonyesha mkono. Ellington aliona kibonyezo kikishuka hapa, kisha kingine kule. Namna ya kutoka hapa hadi kule aliitafuta mwenyewe. Video inaonyesha mkono, na ukiipunguza mwendo, mkono nao unapungua. Kwa nusu ya mwendo unaona mkono ukielea taratibu kutoka kwenye besi hadi kwenye kordi, nawe unaiga kuelea huko. Unafanya mazoezi wiki nzima ya mwendo ambao mpiga piano yule hakuufanya hata mara moja. Mruko wa straidi ni wa haraka daima, hata wimbo ukiwa wa polepole. Kinachopaswa kurefuka wimbo unapopungua ni muda wa kusubiri baada ya kufika.

Hata kuuona mruko wenyewe ni shida. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde. Pigo la sekunde 0.3 linapata picha 9, na sehemu ya hizo inaonyesha mkono uliotulia kwenye vibonyezo. Mruko unabaki na picha chache zenye ukungu, na kuzirefusha hakuziongezei habari. Ubaya zaidi ni mahali pa kamera. Ukitazama kutoka juu unaona umbali wa kushoto kwenda kulia, lakini huoni kimo. Huwezi kujua kama mkono ulipanda juu kama upinde au ulipita chini, karibu kabisa na vibonyezo. Wapiga straidi wazuri wanapita chini. Njia ya chini ni fupi, na inauacha mkono ukiwa tayari kubonyeza unapofika. Kamera ya juu inaificha siri hiyo, na walimu wachache sana wanaisema kwa mdomo.

Mguu nao hauonekani. Pedali ikikanyagwa muda wote, besi na kordi zinachanganyika na mlio unakuwa wa ukumbi mtupu. Isipokanyagwa kabisa, zile nota mbili za besi zilizovunjwa zinakatika. Kukanyaga kwa kifupi, besi ishikwe na pedali iachiwe kordi inapofika, ni jambo la sikio na mguu, na picha ya vidole pekee haikufundishi.

Swingi nayo inapotea. Katika jazi nota mbili zinazogawana pigo hazilingani urefu. Ya kwanza ni ndefu kidogo. Tofauti hiyo ni kubwa wimbo ukiwa wa taratibu, na inapungua kadiri kasi inavyopanda, mpaka nota zinakaribia kulingana. Ukichukua wimbo wa kasi na kuupunguza hadi nusu, unasikia nota zinazokaribia kulingana katika mwendo ambao zilipaswa kuachana zaidi. Mwanafunzi anaziiga zilivyo, na straidi yake inatoka ngumu, imenyooka kama zoezi la darasani.

Kwa hiyo video itumike kama Ellington alivyotumia mkanda: kuchukua nota, basi. Chagua vipimo vinne tu. Tazama kwa nusu ya mwendo, andika besi na kordi kwenye karatasi, kisha zima skrini. Weka metronomu kwenye mapigo 60. Piga besi, na papo hapo rusha mkono hadi kwenye kordi, uguse vibonyezo bila kubonyeza, utulie. Pigo likifika, bonyeza. Rusha mkono chini, gusa, tulia, subiri. Utahisi una muda mwingi wa bure kati ya mapigo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Unapoongeza mwendo, kinachopungua ni ule muda wa bure. Mruko unabaki uleule. Ukiona umeanza kufika kwa kuchelewa, rudi nyuma hatua moja ya mwendo bila kujilaumu.

Kisha fumba macho. Vibonyezo vyeusi vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu, na vidole vinaweza kuvisoma kwa kupapasa. Mkono wa kulia utahitaji macho yako baadaye, hasa katika kibao kama "Handful of Keys" cha Waller cha mwaka 1929, kwa hiyo mkono wa kushoto ujue njia peke yake. Hatua hii inachosha na haina cha kuonyesha watu, na pengine ndiyo maana video nyingi zinairuka. Mimi naiona kuwa ndiyo nusu ya kazi.

Ukishaweza, rudi kwenye video kwa mwendo kamili bila kugusa piano. Sikiliza mkono wa kushoto peke yake huku ukipiga mguu chini. Sikiliza besi ilivyo nzito na kordi ilivyo nyepesi. Mwanafunzi anayefuata rangi huzipiga kwa nguvu sawa, kwa kuwa rangi hazina uzito. Halafu sikiliza santuri ya Johnson ya 1921. Sauti yake ni ya zamani na ina mikwaruzo, lakini mapigo yamo yote.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki watafanya haya kwenye kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61, kama vile vilivyo katika makanisa mengi. Kinanda hicho kwa kawaida kinaanzia C ileile niliyoitaja kwenye mfano, kwa hiyo G ya chini ya pigo la tatu haipo. Kuna njia mbili: piga G iliyo juu ya C hiyo, au shusha kinanda chote oktavu moja kwa kitufe cha oktavu, kisha sogeza mikono yote miwili kulia. Utapoteza oktavu ya juu, ambayo mwanafunzi wa straidi hataihitaji mapema. Zima kabisa mapigo ya kujiendesha ya kinanda. Yanafanya kazi ambayo mkono wako wa kushoto umekuja kujifunza.

Nina ombi kwa walimu wanaorekodi masomo ya piano na kinanda kwa Kiswahili, ambao wanazidi kuongezeka: wekeni kamera ya pili ubavuni, usawa wa vibonyezo, ili kimo cha mkono kionekane, na simu nyingine chini imulike mguu. Kisha, mnapofundisha polepole, pigeni polepole wenyewe kwa mruko wa haraka. Msimwachie mwanafunzi kazi ya kupunguza mwendo wa video.