Nusu ya Ng'ombe Aitwaye Motley: Namna ya Kupima Nasaba za New England

Mnunuzi wa mkeka anayeijua kazi hababaishwi na rangi. Anaugeuza mkeka, anapitisha kidole mahali ukili ulipoungana na ukili mwenzake, na hapo ndipo anapojua kama utadumu. Kitabu cha nasaba ya familia iliyohamia New England katika karne ya 17 kinastahili kupimwa vivyo hivyo. Wasomaji wengi huvutwa na wingi: majina elfu mbili, vizazi kumi na viwili, na juu kabisa babu aliyeivuka Atlantiki kutoka Uingereza. Lakini majina huokotwa popote. Kazi yenyewe ni kuonyesha kwamba John aliyekufa mji huu ndiye yule yule John aliyezaliwa mji ule miaka sitini nyuma, na kwamba baba yake ni Thomas huyu, wala si Thomas mwingine aliyekuwa na shamba ng'ambo ya mto. Hoja yangu ni kwamba ubora wa nasaba hukaa kwenye mshono huo, baina ya mzazi na mtoto, na kwamba mtu anayetaka kutofautisha kazi nzuri na kazi mbovu aanzie hapo na arudi hapo.

New England ni mahali pazuri pa kujifunzia upimaji huu, kwa kuwa walowezi wake waliandika sana. Massachusetts iliamuru vizazi, ndoa na vifo viandikwe tangu mwaka 1639. Kila mji ulikuwa na karani wake na daftari lake, na humo, kando ya vizazi na vifo, utakuta ugawaji wa viwanja, majina ya wakaguzi wa nyua, hata alama zilizokatwa kwenye masikio ya mifugo ili kila mtu amtambue wake. Wosia, orodha za mali za marehemu na hati za walezi wa yatima zilipita mahakamani. Utajiri huo ndio unaompoteza mtunzi mvivu: karatasi ni nyingi kiasi kwamba hakosi mojawapo inayotaja jina analolitafuta, na akishaliona hutua mzigo.

Chukua wosia wa Stephen Hopkins, aliyefika Plymouth kwa meli ya Mayflower mwaka 1620. Uliandikwa tarehe 6 Juni 1644, na ulithibitishwa Agosti mwaka huo huo. Giles, mwanawe, anaachiwa fahali mkubwa aliyekuwa akitunzwa na Bi Warren. Constance, mke wa Nicholas Snow, anapata farasi jike. Deborah anapewa ng'ombe mweusi mwenye pembe pana pamoja na ndama wake, tena nusu ya ng'ombe aitwaye Motley; nusu ya pili ya Motley ni ya Damaris. Ruth na Elizabeth nao wanagawana ng'ombe mwingine nusu kwa nusu, na Elizabeth anaongezewa mtamba wa mwaka mmoja asiye na mkia. Nyumba na ardhi ya Plymouth vinakwenda kwa Caleb, ambaye baba yake anamwita mrithi wake. Mwosia anaomba azikwe karibu na mkewe aliyetangulia. Mtunzi wa haraka ataunakili wosia huu na kuandika: watoto saba, mama yao mmoja, kifungua mimba Caleb. Kuhusu mama amekosea, na kuhusu Caleb amekosea pia, ilhali kila jina alilonakili ni sahihi.

Wosia haukusema mama wa watoto ni nani. Ulitaja mke tu. Gavana William Bradford, alipoorodhesha abiria wa Mayflower miaka thelathini baadaye, ndiye aliyeeleza kwamba Giles na Constance walikuwa wa mke wa kwanza, na kwamba mke aliyesafiri, Elizabeth, alikuja na Damaris, kisha kuna Oceanus aliyezaliwa baharini. Basi Giles alimtangulia Caleb kwa miaka mingi, kwa maana Caleb hayumo katika orodha ya meli, alizaliwa Plymouth. Kuitwa mrithi hakukumfanya kuwa mkubwa. Damaris naye ana tatizo lake. Yule wa melini na yule aliyepewa nusu ya Motley ni mtu mmoja? Jibu linatoka mahali ambapo mtunzi wa haraka hatafuti kamwe, yaani katika mgawo wa mifugo wa tarehe 22 Mei 1627. Siku hiyo wakazi wote wa koloni, watoto wakiwemo, walitajwa kwa majina katika makundi 12 ya watu 13. Kundi la Hopkins lina Giles, Caleb, Deborah, na Constance na mumewe. Damaris hayumo. Msichana wa kwanza alikuwa ameshafariki, na baadaye akazaliwa mwingine akarithishwa jina la dada yake, desturi ya kawaida miongoni mwa watu hawa. Karatasi ya kugawana ng'ombe na mbuzi ndiyo inayotutenganishia mabinti wawili waliokaribia kuzikwa katika jina moja.

Mke wa kwanza je? Vitabu vilimtaja kwa miaka mingi kuwa Constance Dudley, kila kimoja kikimnukuu mwenzake. Mwaka 1998 mtafiti Caleb Johnson alichapisha alichokikuta katika daftari za kanisa la Hursley, Hampshire: ubatizo wa Constance mwaka 1606 na wa Giles mwaka 1608, na mama aliyeitwa Mary, aliyezikwa mwaka 1613. Rejea ishirini zinazokunywa kisima kimoja ni rejea moja. Anayepima nasaba asihesabu tanbihi. Azifuate hadi chanzoni, aone zinaishia wapi. Zikiishia kwenye kitabu cha mwaka 1890 kisichotaja hati yoyote, hapo mshono umeshikwa kwa gundi.

Kuna wanaosema, na si bila sababu, kwamba daftari za miji zimeshachapishwa, kwa hiyo mtunzi anayetumia nakala iliyochapishwa ametimiza wajibu. Kweli, Massachusetts ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kuchapisha vizazi, ndoa na vifo vya miji yake hadi mwaka 1850, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini wachapishaji walipanga majina kwa alfabeti, na kwa kufanya hivyo walivunja kitu ambacho ukurasa wa asili ulikuwa umekihifadhi. Mara nyingi karani aliwaandika watoto wa mume na mke pamoja, mahali pamoja. Tazama ukurasa wa namna hiyo kwa makini: vizazi saba, vinavyotanda miaka kumi na mitano, vyote kwa mwandiko mmoja, wino wa weusi ule ule, mistari imebanana sawasawa. Karani hakungoja miaka kumi na mitano na kichupa kimoja cha wino. Aliandika siku moja, akiambiwa na mzazi, huenda familia ilipohamia hapo. Na watoto wakubwa yamkini walizaliwa mji mwingine kabisa. Katika kitabu cha alfabeti watoto hao wanaonekana kama wazaliwa saba wa mji huo, na mtafiti ataacha kutafuta walikotoka. Mtunzi mzuri atakwambia ameuona ukurasa wenyewe, au picha yake, na atakueleza unavyoonekana.

Tarehe nazo zina mtego, ingawa msomaji aliyezoea kuishi na kalenda mbili, ya Hijria na ya Miladia, hatashangaa. Hadi mwaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, na Machi ndio ulioitwa mwezi wa kwanza. Ndiyo maana ndoa ya Stephen Hopkins na Elizabeth Fisher, iliyofungwa London tarehe 19 Februari, huandikwa 1617/18. Mtunzi akiandika mwaka mmoja tu bila kueleza ni wa hesabu ipi, shaka iingie. Mara moja utaona mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, au mjane aliyeolewa tena kabla mumewe hajafa.

Maneno ya ukoo ndiyo yanayohitaji ujuzi mkubwa zaidi. Sisi tunajua kwamba mtu akimwita mwenzake baba mdogo au ndugu, lazima uulize zaidi kabla ya kuchora mstari. Waingereza wa karne ya 17 walikuwa hivyo pia. Neno ambalo leo wanalitumia kwa binamu liliweza kumtaja mpwa. Neno la mkwe liliweza kumaanisha mtoto wa kambo. Wanaume wawili walioitwa Mkubwa na Mdogo katika mji mmoja hawakuwa lazima baba na mwana. Walikuwa watu wawili wa jina moja, mmoja amemzidi mwenzake umri, na wa kwanza akifa, Mdogo alipanda kuwa Mkubwa. Mtunzi anayetafsiri maneno haya kwa maana ya leo huunda familia ambazo hazikuwahi kuwepo. Sheria ya mirathi, kwa upande mwingine, inasema pale maneno yanaponyamaza. Msomaji anayeijua faraidhi anaelewa jinsi mafungu yanavyoweza kumtambulisha mrithi. Massachusetts, mtu akifa bila wosia, mtoto wa kiume wa kwanza alipata fungu maradufu ya wenzake, na hali ilikuwa hivyo hadi mwaka 1789. Karatasi ya mgawo inayompa Samuel mafungu mawili imekuambia nafasi yake, hata kama kizazi chake hakikuandikwa popote. Yatima aliyefika miaka 14 alijichagulia mlezi mahakamani. Aliye chini ya hapo alichaguliwa. Umri umeingia mlango wa nyuma.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kipimo hiki ni kikali mno: daftari zimeungua, panya wamekula, makarani wengine walikuwa wazembe, na tukidai ushahidi kwa kila mshono hatutapata nasaba hata moja. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito, na naliona limelenga pasipo shabaha. Sidai hati ya moja kwa moja kila mahali. Wosia wenyewe huacha watu: mwana aliyekwisha kupewa shamba kwa hati baba akiwa hai mara nyingi hatajwi, kwa hiyo ukimya wa wosia haumfukuzi mtoto nyumbani. Ninachodai ni hoja. Donald Lines Jacobus wa New Haven, aliyeanzisha mwaka 1922 jarida lililokuja kuitwa The American Genealogist, alionyesha kwa kazi yake yote kwamba ushahidi usio wa moja kwa moja, ukikusanywa na kulinganishwa, hubeba mzigo. Mipaka ya shamba, jina la mke, ufundi wa mtu na alama anayoweka badala ya sahihi humtenga John mmoja na mwenzake. Mtunzi aseme amepima nini, nani mwingine wa jina hilo aliishi hapo, na kwa nini amemwondoa.

Ukali huu una sababu nyingine. Gustave Anjou, aliyekufa mwaka 1942, aliwauzia Wamarekani wenye fedha nasaba za kughushi, na ufundi wake ulikuwa kuchanganya: hati za kweli zilizagaa pande zote, na ile ya uongo ikawekwa pale pale mhamiaji wa Amerika alipopaswa kuungwa na familia ya heshima ya Uingereza. Anayeonja kurasa mbili tatu huku na huku atakuta kila kitu ni safi.

Angalia pia nani aliyeachwa. Orodha za mali za New England huwataja watumwa kwa jina na bei, kati ya ng'ombe na vyungu. Mtunzi aliyenakili vyungu akamruka mtu hajaisoma hati yake. Wanawake nao hufika kwetu kwa jina la kwanza pekee, na kishawishi cha kuwatafutia ukoo ni kikubwa. Wazazi wa Mary wa Hursley wamependekezwa, na waandishi makini wanapowataja huweka mbele yao neno moja: huenda.