Geji ya Mafuta Inapodanganya: Uchunguzi Unavyoanzia Tangini

Gari la abiria linalokwenda kati ya Macalder na mji wa Migori, ambalo mara nyingi huwa Toyota Probox, hutiwa mafuta kidogo kidogo kadiri nauli inavyopatikana, na kwa sababu hiyo boya lililomo ndani ya tangi, ambalo mafundi huliita floti, hushinda likicheza karibu na chini, mahali palepale, huku mashimo ya barabara yakilitikisa. Boya hilo hushikwa na mkono mwembamba unaosogeza kidole cha metali juu ya kikinzani, yaani kipande kinachouzuia umeme kwa kiasi kinachobadilika, na vyote kwa pamoja huitwa kihisi cha mafuta. Kinachosomwa na mshale wa dashibodi ni umeme uliopita hapo, na sehemu ya kikinzani inayosuguliwa kila siku ndiyo inayochakaa kwanza.

Katika Toyota nyingi za zamani ukinzani hukaribia ohm 110 tangi likiwa tupu na ohm 3 likijaa, hivyo waya iliyokatika huushusha mshale hadi E, na waya iliyochubuka ikagusa bodi huupandisha hadi F hata kama petroli imekwisha. Magari mengi ya zamani ya General Motors hufuata mpango wa kinyume, ohm 0 kwa tupu na 90 kwa tangi lililojaa, na fundi asiyelijua hilo hutoa hukumu iliyopinduka.

Baada ya fyuzi kukaguliwa, uchunguzi huanzia kwenye plagi ya kihisi, ambayo katika Toyota nyingi ndogo hufikiwa chini ya kiti cha nyuma. Plagi huchomolewa, swichi huwashwa, kisha waya ya geji huunganishwa na bodi kupitia kikinzani kidogo, mfuniko wa tangi ukiwa bado umefungwa. Mshale ukipanda, geji na waya yake ni nzima, na kosa limo tangini au kwenye waya ya ardhi, ile inayourudisha umeme kwenye bodi.

Waya ya ardhi ndiyo husahauliwa zaidi. Macalder ni mahali palipochimbwa shaba pamoja na dhahabu, na wanaoishi huko wanaijua rangi ya kijani ambayo shaba huivaa ikipata unyevu. Kutu hiyohiyo, ikishika kiungo cha waya, inaweza kuongeza ohm 30. Nyongeza hiyo haionekani sana tangi likiwa tupu, kwa kuwa 110 huwa 140 na mshale unabaki E, lakini tangi likijaa 3 huwa 33, na mshale hushindwa kufika F. Gari lenye dalili hiyo halihitaji kihisi kipya kabla kiungo hicho hakijasuguliwa kwa msasa na kukazwa.

Kiungo kikiwa safi na dalili ikabaki, kihisi hutolewa baada ya waya hasi ya betri kufunguliwa, mbali na sigara na mashine ya kuchomelea, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia sakafuni. Boya hupandishwa polepole kwa mkono, mita ya ohm ikiwa imeunganishwa. Namba zikiruka ghafla karibu na chini, kikinzani kimeliwa, na kihisi hubadilishwa kizima. Dashibodi hufunguliwa mwisho.