Mazoezi ya Kiingereza Katika Sekondari za Uganda: Twazoeza Nini?

Kati ya masomo yote yafundishwayo katika shule za sekondari nchini Uganda, hapana lililopewa uzito kuliko Kiingereza. Kiingereza ni somo, na tena ndiyo lugha ya masomo. Historia, Jiografia, Biolojia na Hisabati, yote hufundishwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi asiyeweza kusoma Kiingereza hakushindwa somo moja tu; amefungiwa mlango wa masomo karibu yote.

Hiyo ni sababu moja ya sisi walimu wa Kiswahili kuingia katika shamba la jirani. Ipo na sababu ya pili, nayo yatuhusu zaidi. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza. Darasa linaongezeka, vitabu ni haba, na mwalimu mwenye haraka hutazama jirani anafanyaje. Matokeo yake twayaona: kifungu na maswali kumi chini yake, sentensi za kugeuza, orodha ya makundi ya vitu na watoto wa wanyama. Kabla ya kurithi nyumba, yafaa tulikague paa lake kama linavuja. Makala haya yanachunguza mazoezi ya aina tatu, na kupima kila moja kwa swali hili: mwanafunzi akilimaliza, ameweza kufanya nini ambacho jana hakukiweza?

Kitabu cha orodha

Tuanze na kitabu ambacho wengi wa rika letu walikua nacho, First Aid in English cha Angus Maciver, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1938 na kampuni ya Robert Gibson ya Glasgow, Uskoti. Kitabu hiki ni cha madarasa ya chini, lakini aghalabu humfuata mwanafunzi wetu hadi sekondari, na orodha zake huibuka tena katika majaribio ya kidato cha kwanza na cha pili.

Haki yake tumpe Maciver. Kitabu chake ni chembamba, kimepangwa vizuri, na mwalimu asiye na maktaba aweza kukifungua popote akapata kazi ya dakika 40. Ndani yake mna majina ya wanyama dume na jike, watoto wao, makao yao na sauti zao. Mna majina ya makundi, tashbihi, methali, maneno ya kinyume na vifungu vya kusoma. Kila jambo liko mahali pake kama vyombo katika kabati.

Kasoro haimo katika orodha zenyewe, bali katika safari zilizosafiri. Kitabu kiliandikwa katika nchi ambako Kiingereza ndiyo lugha ya mitaani. Mtoto wa Glasgow anapojifunza jina la kundi la bata bukini, tayari anazo sentensi elfu za kulitumia jina hilo. Anaongezewa pambo juu ya vazi. Mtoto wa Lira au wa Mbarara anapewa pambo kabla ya vazi. Atajua kinda la bata-maji huitwaje, na kiota cha tai huitwaje, lakini akiambiwa aandike barua ya kumweleza mwalimu mkuu kwa nini alichelewa kurudi shuleni, kalamu itamganda mkononi.

Jina la kitabu lenyewe latosha kutuonya. Maana yake ni huduma ya kwanza. Huduma ya kwanza ni kitu chema: hufunga jeraha mpaka mgonjwa afike hospitali. Walakini hapana mtu aliyepata kunenepa kwa kula bendeji. Hatumlaumu Maciver kwa kutengeneza bendeji. Twajilaumu wenyewe walimu tulioipika kama chakula.

Na tusidhani kwamba Kiswahili kimesalimika. Mwanafunzi wetu hukariri kwamba nyota zikiwa pamoja huitwa thurea, asiweze kusimulia kwa sentensi tano jinsi alivyorudi nyumbani usiku chini ya nyota hizo. Neno thurea ni zuri, na tungependa lidumu. Lakini neno hudumu kwa kutumika; likihifadhiwa katika orodha tu, limekwisha kuzikwa.

Kugeuza sentensi

Zoezi la pili ni la sarufi. Mwanafunzi hupewa sentensi iliyokamilika na kuamriwa aiandike upya bila ya kubadili maana, akianza kwa neno fulani: ianze kwa "Hardly", au itumie "unless", au iwe katika kauli ya kutendwa. Mtihani wa kidato cha nne, ambao tangu mwaka 1983 umo mikononi mwa Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, uliipa kazi hii mahali maalumu kwa miaka mingi katika karatasi ya pili ya Kiingereza. Kwa hiyo imezoezwa kuliko kazi nyingine yoyote.

Twakiri kwamba zoezi hili lina faida. Mwandishi mzuri ni yule mwenye njia zaidi ya moja ya kusema jambo, na kugeuza sentensi humwonyesha mwanafunzi kwamba lugha inakunjika. Hata hivyo tazama jinsi linavyofanywa. Mwanafunzi anajua kwamba "Hardly" hufuatwa na "had", na kwamba mbele kidogo lazima "when" itokee. Anapanga maneno kama apangaye matofali, na anapata alama. Sasa muulize: mtu husema hivyo wakati gani? Kwa nini aache njia fupi ashike ndefu? Hajui, kwa sababu hajapata kuulizwa. Katika Kiswahili twajua kwamba "Hajakaa vizuri, mara mlango ukagongwa" si sawa na "Alikaa, kisha mlango ukagongwa". Sentensi ya kwanza ina haraka na mshtuko ndani yake. Ya pili ni taarifa tu. Amri ya kugeuza "bila ya kubadili maana" humficha mwanafunzi jambo hilo hasa ambalo sarufi ilipaswa kumfundisha, yaani kwamba umbo likibadilika, kitu hubadilika.

Isitoshe, zoezi hili hupita kando ya makosa halisi. Makosa mengi ya wanafunzi wetu yana asili, na asili yake mara nyingi ni lugha wanayoijua kwanza. Mwanafunzi huandika "She has worn a hat" akikusudia kwamba kofia iko kichwani sasa hivi. Kwa nini? Kwa sababu katika Kiswahili tunasema "amevaa kofia", kama tunavyosema "amelala", "amesimama" na "amechoka". Kiambishi -me- hueleza tendo lililokwisha na pia hali iliyobaki baada yake. Kiingereza kimegawa kazi hizo mbili: aliyelala sasa si "he has slept" bali "he is asleep". Mwalimu akieleza hivyo kwa dakika tano, kosa hupata jina, na mwanafunzi huweza kulikamata mwenyewe.

Mfano mwingine ni vibainishi "a" na "the", ambavyo huwasumbua wanafunzi hadi chuo kikuu. Husemwa kwamba Kiswahili hakina kitu kama hicho. Ni kweli hakina neno. Lakini wazo kinalo. "Nimeona kitabu" yaweza kuwa kitabu chochote. "Nimekiona kitabu" ni kile tulichokuwa tukikitafuta. Mwanafunzi ajuaye tofauti hiyo amekwisha kufika nusu ya njia. Hali kadhalika swali la kukanusha: ukimwuliza mtu "Hujala?", naye hajala, aweza kujibu "Ndiyo, sijala", na amesema sawa. Kwa Kiingereza jibu la namna hiyo humpoteza msikilizaji.

Hapa yatupasa tahadhari. Si kila mwanafunzi wa Uganda ana lugha ya Kibantu nyumbani. Waacholi na Walango lugha zao ni za jamii ya Kiluo, na mwalimu wa huko atatafuta madaraja mengine. Hoja yetu si kwamba Kiswahili kitaeleza kila kosa, bali kwamba kosa lina mahali litokako, na mwalimu asiyetaka kuisikia lugha ya kwanza ya mwanafunzi amejinyima taa. Kuna shule ambako mtoto alivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mamaye. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika juu ya desturi hiyo ya Kenya katika Decolonising the Mind, mwaka 1986. Desturi hiyo ilidhani kwamba Kiingereza kitakua penye ukimya wa lugha nyingine. Mifano tuliyoitoa yaonyesha kinyume chake.

Ufahamu usio na fahamu

Zoezi la tatu ndilo zito, maana lahusu kusoma kwenyewe. Msomaji na alisome fungu hili, ambalo tumelitunga kwa kusudi:

"Jioni ile bamuto alilipekesa zimbe lake karibu na kirozi, kwa sababu mangweso yalikuwa yamefwindika."

Sasa ajibu maswali. Nani alilipekesa zimbe? Bamuto. Alilipekesa wapi? Karibu na kirozi. Kwa nini alifanya hivyo? Kwa sababu mangweso yalikuwa yamefwindika. Tatu kwa tatu. Wala hapana ajuaye bamuto ni mtu gani na zimbe ni kitu gani, kwa kuwa maneno hayo hayamo duniani. Msomaji ameongozwa na mpangilio wa sentensi na upatanisho wa viambishi, akanakili.

Hivyo ndivyo mwanafunzi anavyojibu maswali mengi ya ufahamu wa Kiingereza. Hutafuta katika kifungu neno lililomo katika swali, akiliona hunyanyua sentensi nzima na kuihamishia kwenye daftari. Anapata saba katika kumi, nasi twafurahi kwamba anajua kusoma. Kisha hufungua kitabu cha Historia, ambako hapana maswali ya kumwonyesha pa kutazama, na ukurasa mmoja humshinda.

Swali jema la ufahamu ni lile lisilojibika bila ya kuelewa. Kwa nini huyu alinyamaza alipoulizwa? Mwandishi yuko upande wa nani, nawe umejuaje? Sentensi ya tatu ikiondolewa, tutapoteza nini? Sahihisha muhtasari huu, maana una jambo moja la uongo. Maswali manne ya namna hii huzidi kumi ya kunyanyua. Kweli, kuyasahihisha katika darasa la wanafunzi 80 ni mzigo. Lakini si lazima kila jibu liandikwe: wanafunzi na wabishane wawili wawili, kisha jozi tatu zisimame kutetea jibu lao. Mabishano hayo ndiyo kusoma kwenyewe.

Mtihani wa kwanza wa mtaala mpya ulifanywa mwaka 2024, nao ulielekea kumpa mtahiniwa hali ya maisha aishughulikie badala ya kumpima kwa kukariri. Twausifu mwelekeo huo. Hata hivyo karatasi mpya haibadilishi mkono wa kale, na mwanafunzi aweza kukaririshwa majibu ya "hali za maisha" kama alivyokaririshwa sauti ya punda.

Dawa ya kusoma ni kusoma

Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba mazoezi haya matatu, hata yakitengenezwa, ni mafupi mno. Mwanafunzi asomaye kifungu kimoja kwa juma hasomi, anaonja. Katika miaka ya 1980 na 1981 Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya jaribio katika shule za msingi za vijijini nchini Fiji, ambako nako Kiingereza si lugha ya nyumbani. Madarasa ya nne na ya tano yalipelekewa vitabu 250 vya hadithi vyenye picha, na watoto wakapewa nafasi ya kuvisoma. Baada ya miezi kama 8 maendeleo yao ya kusoma yalikuwa kama maradufu ya kawaida, na mwaka wa pili faida ikaenea katika stadi nyingine za lugha. Kilichobadilika ni wingi wa kusoma.

Uganda si maskini wa vitabu vya kusomeka. Hadithi za Moses za Barbara Kimenye, zilizoanza kutoka katika miaka ya 1960, ni za vijana watundu wa shule ya bweni. Kijana huzisoma bila ya kushurutishwa. Na uko utajiri mwingine ambao sisi walimu wa Kiswahili tumeuacha kabatini. Okot p'Bitek alitoa Song of Lawino mwaka 1966. Kwa Kiacholi ilitoka mwaka 1969. Na mwaka 1975 Paul Sozigwa akaitafsiri kwa Kiswahili, Wimbo wa Lawino. Kazi moja, lugha tatu, na zote zaihusu ardhi hii. Mwalimu wa Kiingereza na wa Kiswahili wakichagua mistari 20 ile ile, kila mmoja akaisomesha katika kipindi chake, mwanafunzi ataona mwenyewe Kiingereza kimeweka wapi kibainishi, Kiswahili kimeweka wapi kiambishi, na maana imehama vipi. Wa Gulu atawafunza wenzake kilichopotea njiani. Somo hilo ni sarufi na ni ufahamu kwa wakati mmoja.

Hatudai kwamba orodha zichomwe wala sentensi zisigeuzwe. Twadai mambo matatu: sarufi itoke katika maandishi yaliyosomwa na makosa yaliyofanywa; maswali ya ufahamu yawe yale yasiyojibika kwa kunakili; na kila shule, hata yenye sanduku moja tu la vitabu, itenge nusu saa mbili kwa juma za kusoma bila ya mtihani mwishoni. Walimu wa Kiingereza wana mazoea ya miaka mingi ya kuyavunja. Sisi tunaanza, na bado twaweza kuchagua. Samaki mkunje angali mbichi.