Fremu ya Mnepo Mrefu: Kuinunua kwa Punguzo na Kuiundia Baiskeli ya Njia za Mbulu na Hanang

Fremu ya mnepo mrefu ni fremu ya baiskeli ya milimani ambayo sehemu yake ya nyuma hucheza juu ya viungo vyenye beringi, na shokapu hubeba mchezo huo na kuurudisha. Gurudumu la nyuma huweza kupanda milimita 150 hadi 180 kabla shokapu haijagonga mwisho. Foki ya mbele huwa na mnepo wa kiasi hicho hicho, au huzidi kidogo. Ni chombo tofauti kabisa na baiskeli ya Phoenix ya chuma inayoshusha gunia la vitunguu saumu kutoka vijiji vya Mbulu. Phoenix haina mnepo wowote, hubeba mzigo, na spea zake hupatikana mnadani. Fremu ya mnepo mrefu haifungwi keria ya mizigo. Kazi yake ni moja tu: kumshusha mtu salama, kwa mwendo, kwenye mteremko mrefu wa mawe, kisha kumwezesha kupanda tena kwa kukanyaga pedali.

Miteremko ya namna hiyo haikosekani Mbulu na Hanang. Nyanda za juu za Mbulu, ambazo kwa sehemu kubwa ziko kati ya mita 1,700 na zaidi ya 2,000, zimekatika upande wa mashariki kwa ukingo wa Bonde la Ufa. Barabara ya Dongobesh kupitia Bashnet hadi Dareda hushuka ukingo huo. Ile ya Mbulu kwenda Mbuyu wa Mjerumani hushuka Magara, mahali pakali kiasi kwamba barabara imewekwa zege. Kando ya barabara hizo kuna njia za ng'ombe na za waenda kwa miguu zinazokata kona na kushuka moja kwa moja. Kusini, juu ya Katesh, umesimama Mlima Hanang wenye mita 3,417, na njia ya Jorodom hupanda humo juu ya udongo wa volkano uliochanganyika na mawe yasiyotulia. Mlima huo ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwa hiyo baiskeli haipandishwi bila kibali. Maporomoko ya tope na mawe ya Desemba 3, 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani, yalionyesha jinsi miteremko ile ilivyo dhaifu mvua inapozidi. Makorongo ya Hanang si mahali pa kuendesha baiskeli wakati wa masika.

Mfano unaojulikana wa baiskeli zenye mnepo kujaribiwa kwenye milima ya Afrika Mashariki ni wa mwanzoni mwa 2016. Waendesha baiskeli Hans Rey, Danny MacAskill na Gerhard Czerner walizipandisha Mlima Kenya, kisha Kilimanjaro hadi Uhuru, mita 5,895, na kushuka nazo. Zaidi ya miaka 30 kabla yao, mwishoni mwa 1984, binamu wawili Waingereza, Nicholas na Richard Crane, walikuwa wamefika kilele hicho na baiskeli zisizo na mnepo wowote. Kwa hiyo mnepo si sharti la kufika juu. Tofauti huonekana katika kushuka: ni kiasi gani cha njia kinachoendeshwa, na ni kiasi gani kinachotembewa baiskeli ikiwa begani.

Bei ya fremu hizi ilianguka kwa sababu inayojulikana. Wakati wa UVIKO-19 watu wa Ulaya na Marekani walinunua baiskeli kwa wingi, viwanda vikapokea oda kubwa, na bidhaa zikafika maghalani wakati hamu ya wanunuzi imekwisha. Oktoba 2023 kampuni ya Wiggle na Chain Reaction Cycles ya Uingereza iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Ndiyo iliyokuwa na chapa za Vitus na Nukeproof, na fremu ya Nukeproof Mega ndiyo mwendeshaji Sam Hill aliyoitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio za enduro mfululizo 2017, 2018 na 2019. Fremu bora kabisa ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Lakini mnunuzi wa bidhaa ya kampuni iliyofilisika hununua bila dhamana. Kwa mtu wa Haydom au Endasak hasara hiyo ni ndogo kuliko inavyosikika, kwa kuwa kurudisha fremu iliyopasuka hadi Ulaya kungekula fedha nyingi hata kama dhamana ingekuwepo.

Swali la kwanza, basi, ni kwa nini fremu fulani imeshushwa bei. Zipo sababu zisizo na madhara: rangi ya mwaka jana, au saizi ambayo wengi hawaihitaji. Ipo pia sababu inayokuja kuuma baadaye, nayo ni vipimo vilivyopitwa na wakati au vya kampuni moja peke yake. Fremu ya kawaida ya miaka ya karibuni hupokea ekseli ya nyuma ya milimita 148 kwa 12 na foki ya ekseli ya 110 kwa 15. Zilizotangulia zilikuwa na 142 nyuma na 100 mbele, na kundi dogo lilitengenezwa kwa 157. Haubu ya kipimo kimoja haiingii kwenye fremu ya kipimo kingine bila kuunga-unga. Beringi za krenki nazo ni za aina mbili kuu: za kufungwa kwa nyuzi na za kusukumizwa kwa nguvu ndani ya fremu. Kwa Mbulu za nyuzi ni bora mno. Hufunguka kwa spana moja, na tope jekundu likiingia, fundi huzitoa, huzisafisha na kuzirudisha bila nyundo. Sikio linaloshika kibadilisha gia pia huangaliwa. Tangu 2019 kampuni ya SRAM ilipoanzisha sikio la kipimo kimoja, kampuni nyingi zimelikubali. Fremu yenye sikio la peke yake, ambalo mtengenezaji wake ameacha kulitoa, inaweza kugeuka chuma chakavu kwa jiwe moja la pembeni mwa njia.

Shokapu ndiyo inayostahili hesabu ya makini. Hupimwa kwa namba mbili: urefu kutoka tundu hadi tundu, na mwendo wa pistoni. Shokapu ya 230 kwa 65 ina urefu wa milimita 230 na pistoni inayoingia milimita 65. Ikifungwa kwenye fremu yenye mnepo wa milimita 160, gurudumu husogea wastani wa milimita 2.46 kwa kila milimita moja ya pistoni. Ikifungwa ya 230 kwa 60, mnepo hushuka hadi karibu 148, na fremu haidhuriki. Kinyume chake ni hatari. Pistoni ndefu kuliko iliyokusudiwa huweza kulisukuma gurudumu hadi ligonge bomba la siti, au viungo vigongane. Fremu za zamani zilitumia vipimo vya inchi kama 200 kwa 57 na 216 kwa 63, na shokapu mpya za vipimo hivyo zinazidi kupungua. Fremu ya bei ya chini inayouzwa bila shokapu, na yenye kipimo cha pekee, iachwe hata ikiwa nzuri machoni. Kuziba pengo kwa kipande cha chuma hakusaidii: mzigo wote ambao shokapu ingeumeza huhamia kwenye viungo na maungio, na alumini hupasuka.

Fremu iliyotumika huoshwa kwanza, kisha huchunguzwa juani. Ufa wa alumini huanza kama unywele mweusi kandokando ya weldi: chini ya shingo ya fremu, kwenye kishikio cha shokapu, na pale mikono ya nyuma inapoungana karibu na krenki. Rangi iliyopasuka peke yake si ufa, ila mstari unaoendelea kuonekana baada ya rangi kukwanguliwa ni ufa. Hapo ndipo uzoefu wa chuma hupotosha. Phoenix iliyokatika huchomelewa Katesh asubuhi na kubeba mahindi jioni. Alumini ya daraja la 6061 ilipata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani. Weldi ya mtaani huondoa nguvu hiyo kando ya mshono, na fremu hukatika tena palepale, pengine katikati ya mteremko. Fremu ya alumini iliyopasuka hainunuliwi kwa bei yoyote. Ya kaboni isiyo na historia inayojulikana pia iachwe, kwa kuwa majeraha yake huweza kukaa ndani bila kuonekana.

Viungo hupimwa kwa kuishika siti na kuiinua polepole, kidole kikiwa juu ya kiungo. Mgongano mdogo unaosikika kidoleni ni beringi iliyochoka au boliti iliyolegea. Beringi zenyewe zina namba ubavuni: 6902 ni ya tundu la milimita 15, kipenyo cha nje 28 na unene 7, na 6802 ni 15, 24 na 5. Hizi ni namba za viwanda vyote duniani, na duka la beringi la mjini huzielewa bila kuambiwa neno baiskeli. Kiwandani viungo huwekewa beringi zilizojazwa gololi nyingi zaidi, lakini zile za kawaida zenye mpira pande zote mbili hufanya kazi vizuri ikiwa hubadilishwa mapema.

Bei ya kwenye tangazo haitoshi kupima unafuu. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na usafiri, na VAT huja juu yake. Fremu huingia kwenye fungu la 8714.91 la orodha ya forodha, na baiskeli kamili kwenye 8712. Foki mpya ya daraja la juu peke yake huuzwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani, na magurudumu, breki na gia huongeza kiasi kingine. Fremu ya nusu bei inayolazimisha kila kifaa kununuliwa kipya hugharimu zaidi ya baiskeli kamili ya punguzo. Faida hupatikana pale tu ambapo mnunuzi tayari ana foki na magurudumu yanayokubaliana na vipimo vya fremu.

Katika kuchagua foki, urefu unaotajwa na mtengenezaji wa fremu ndio mpaka. Kila milimita 10 za ziada hulaza pembe ya usukani karibu nusu digrii, huinua krenki, na huongeza mvuto kwenye shingo ya fremu. Gia za kupanda Magara zinahitaji uwiano mwepesi. Meno 30 mbele na 51 nyuma husogeza baiskeli ya magurudumu ya inchi 29 takriban mita 1.35 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Kaseti ya gia 11 ya Shimano Deore yenye meno 11 hadi 51 huingia kwenye haubu ya mtindo wa zamani, ambayo ni ya bei nafuu na imeenea zaidi. Kwa mazingira haya hakuna sababu ya kukimbilia gia 12.

Kuhusu breki, mahali huamua jambo ambalo mnunuzi wa Ulaya halifikirii. Breki za diski za Shimano hutumia mafuta ya madini yake yenyewe. Nyingi za SRAM hutumia DOT 5.1, na hukubali DOT 4, mafuta yaleyale ya breki za magari na pikipiki. Chupa ya DOT 4 hupatikana kwenye duka la spea za pikipiki, na mafuta ya Shimano huagizwa kutoka mbali. Mafuta hayo mawili hayachanganywi kamwe: DOT huharibu mipira ya breki ya mafuta ya madini, na ya madini huvimbisha mipira ya breki ya DOT, breki ikagoma mteremkoni. Aidha DOT hunyonya unyevu wa hewa, hivyo chupa iliyofunguliwa muda mrefu haifai. Diski ziwe za milimita 200 au 203 mbele na nyuma, na pedi za chuma, kwa sababu pedi laini huliwa haraka na tope lenye mchanga. Kwa tairi, mbigili na miiba ya migunga ya upande wa Ziwa Balangida huzifanya tairi zisizo na tyubu, zenye maji ya kuziba pancha, kuwa chaguo la kwanza. Kiangazi maji hayo hukauka upesi, na huongezwa kabla ya safari ndefu.

Kuunda huanza na fremu ikiwa tupu. Beringi za shingo husukumizwa zikiwa zimenyooka, nyuzi za krenki hupakwa grisi, na boliti za viungo hukazwa kwa spana yenye kipimo kulingana na namba iliyochapwa kwenye fremu. Kabla shokapu haijajazwa upepo, baiskeli hukandamizwa taratibu hadi mwisho wa mnepo ili kuona kama tairi inagusa bomba la siti, na kama kebo zinavutwa. Katika hatua hiyo mgongano hugundulika bila kuvunja chochote. Bomba la foki hukatwa mwisho kabisa, baada ya usukani kujaribiwa.

Upepo huwekwa mwendeshaji akiwa juu na mzigo wake. Kwenye shokapu ya pistoni ya milimita 65, pete ya mpira isogee karibu milimita 19 kwa uzito wake akiwa ametulia. Hiyo ni karibu asilimia 30. Mwinuko nao una hesabu yake. Foki iliyofungwa Dar es Salaam hubeba hewa ya pwani ndani ya miguu yake. Kwenye mita 2,000 hewa ya nje ni karibu asilimia 79 ya ile ya usawa wa bahari, na kwenye kilele cha Hanang ni karibu theluthi mbili. Hewa iliyonaswa husukuma kwa ndani, foki ikawa ngumu mwishoni mwa mnepo, na mwendeshaji akadhani ameweka upepo mwingi. Foki nyingine zina vali ndogo za kuitoa. Zisizo nazo huhudumiwa kwa kufungua miguu ya foki hukohuko Mbulu wakati wa kubadilisha mafuta.

Watengenezaji wa foki hutaka miguu yake ifunguliwe na kuoshwa takriban kila baada ya saa 50 za kuendesha. Vumbi la Hanang ni la volkano, nalo hukwangua kama msasa, kwa hiyo nusu ya muda huo ndiyo kipimo cha busara wakati wa kiangazi. Anayeagiza fremu ya punguzo aagize katika oda ileile masikio mawili ya kibadilisha gia, seti kamili ya beringi za viungo na mipira ya shokapu. Modeli iliyoshushwa bei ndiyo ambayo spea zake zitaanza kuadimika.